Ufunguo Ulioshuka kwa Ndoo

Ndoo ilikuwa bado inaning'inia hewani tulipoachana juma lililopita, na wapo walioniambia kwamba huo ni ukatili. Nimekubali, mimi mkatili. Sasa ndoo inatua.

Ilitua nje ya lango, barabarani, miguuni pa Meneja. Ilikuwa ndoo ya bluu yenye kiraka cha lami, na hakuna mpangaji wa jengo lile asiyeijua. Meneja aliinama, akatia mkono, akatoa ufunguo wa kufuli la lango.

"Mnaona?" akasema, akiuinua juu watu wote wauone. "Mimi sivunji lango la mtu. Nimefunguliwa."

Ndani, nyuma ya nondo za lango, Fundi Bomba alikuwa amesimama mikono kiunoni. Aliifuata ile kamba kwa macho. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya nne, kwenye roshani ya pembeni iliyo juu ya lango, kati ya barabara na uwanja. Ilikuwa roshani ya nyumbani kwake. Na aliyeshika kamba kule juu, miwani puani na kitambaa kichwani, alikuwa mama mkwe wake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kilikuwa kinakunywa chai yake kila asubuhi na kulalamika kuwa imepungua sukari.

Wewe uliyeazima gazeti hili kwa jirani leo tu, sogea nikupe habari kwa ufupi. Uani mwa jengo lile palikuwa jalala. Fundi Bomba, mwanamke anayeunga mabomba kwa riziki yake, aliwashikia wapangaji bango mpaka wakapasafisha. Sasa mvua inajaza matangi yaliyopandishwa juu ya paa. Maji ya kuogea na kufulia yanachujwa kwenye mashimo ya kokoto na mchanga, kisha yanamwagilia mboga. Maganda ya jikoni yanageuka mboji. Watu wanakula mboga za uani, na zinazozidi zinauzwa langoni kulipia matengenezo ya jengo.

Kila asubuhi Fundi huligonga bomba kuu mara tatu. Bomba hilo la chuma linaingia kutoka barabarani na kupita jikoni mwa kila mpangaji, kwa hiyo mlio unafika kila nyumba. Ukisikika, roshani zinafunguka na ndoo za maganda zinashuka kwa kamba. Jengo la jirani wanawacheka. Wanawaita wala maganda.

Meneja wa mwenye jengo anataka uwanja huo umwagwe zege uwe maegesho ya magari ya ofisi za ng'ambo ya barabara. Sheria haimruhusu kuvunja lango la wapangaji. Lakini mpangaji akimfungulia kwa hiari yake, hiyo ni ridhaa, na buldoza inaingia. Umeelewa? Haya, twende.

"Mama!" Fundi Bomba alipaza sauti. "Mama, umefanya nini?"

"Nimefanya ulichoona!" Mama Mkwe alijibu kutoka juu. "Macho unayo!"

Kufuli lilifunguka. Lango likasukumwa. Buldoza ilinguruma, ikajongea, ikasimama na chuma chake cha mbele hatua chache tu kutoka kwenye tuta la kwanza la mchicha.

Haikusimama kwa huruma. Ilisimama kwa sababu Fundi Cherehani, mshonaji wa ghorofa ya pili, mtu mwenye kitambi cha heshima, alikuwa amekalia kiti chake cha kushonea katikati ya njia, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni.

"Bosi, kuna mtu," dereva wa buldoza alisema.

"Namwona. Atatoka."

"Sitoki," alisema Fundi Cherehani. "Na nikikaa nimekaa. Kuninyanyua ni kazi ya watu wanne, muulize mke wangu."

Roshani zote zilikuwa zimefungwa. Nyuma ya mapazia watu walikuwa wanachungulia, lakini hakuna aliyetokeza pua. Siku mbili kabla Meneja alikuwa amepita mlango kwa mlango akisema atakayeleta fujo atahamishwa. Woga si ugonjwa, lakini unaambukiza.

Fundi Bomba aliwaona, akawakasirikia, kisha akamgeukia tena yule aliyekuwa hajifichi.

"Mama, mimi nimekukosea nini? Nikupe nini ambacho sikupi? Mboga unakula za hapa! Maji yalipokatika mji mzima, wewe ulioga!"

"Nilioga, ndiyo! Kisha nikakaa! Nikakaa wapi? Hapa!" Mama Mkwe aliupiga ukuta wa roshani kwa kiganja. "Tangu magoti yaharibike nimekaa hapa kama sanduku la nguo za marehemu. Ninyi mnacheka huko chini, mnapanda, mnavuna, mnapiga porojo. Mimi nawaona vichwa tu. Mwanangu yuko barabarani na lori lake, wewe uko uani na mboji yako. Nani anapanda kukaa na mimi?"

Fundi alizitazama ngazi.

"Huyu alipanda!" Kidole cha mzee kilimwelekea Meneja. "Alipanda ngazi zote, akakaa, akaniuliza nalalaje. Akaniita mama. Akasema maegesho yakijengwa, na lifti itajengwa. Nitashuka, nitaota jua, nitarudi. Nikampa ufunguo. Umesikia sasa?"

Jengo zima lilisikia. Ukweli ulimchoma Fundi Bomba kama maji ya moto mkononi. Alikuwa amebuni njia ya kushusha maganda, njia ya kupandisha mboga, njia ya kupandisha hata matangi. Kila kitu katika jengo lile kilikuwa na njia ya kupanda na kushuka, isipokuwa mama wa mume wake mwenyewe.

Lakini usimdhanie ni wa kulia. Alimgeukia Meneja.

"Lifti inajengwa wapi?"

"Samahani?"

"Mimi ni fundi. Nionyeshe lifti inapita wapi. Pembe ipi?"

Meneja aliitazama saa yake. "Lifti ni awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini?" Swali hili lilitoka ghorofa ya nne. Masikio ya Mama Mkwe hayakuwa na shida yoyote, ni magoti tu.

"Mama yangu, hayo ni mambo ya bajeti. Kwanza maegesho. Yakianza kuingiza pesa, ndipo tutaangalia..."

"Mtaangalia?"

"Tutaangalia uwezekano."

"Uliniambia itajengwa."

"Nilisema ipo kwenye mpango, mama."

"Na hayo magari ni ya nani? Maana jengo hili lote lina baiskeli na toroli la vitambaa."

"Ni ya wateja. Bibi, dunia inabadilika. Mji wa kisasa hauwezi kuendeshwa kwa ndoo na kamba. Naomba uingie ndani upumzike."

Mwanaume yule alikuwa amesoma, na bado hakujua kwamba hakuna neno baya la kumwambia mtu aliyefungiwa ndani kuliko "ingia ndani". Na zaidi, mwanzo ilikuwa mama, sasa imekuwa bibi.

Mama Mkwe aliingia ndani kweli. Mlango wa roshani ukafungwa.

"Vizuri," Meneja akasema. "Dereva, mzunguke huyo mnene upite pembeni."

*Ngo. Ngo. Ngo.*

Kila aliyekuwa uani aliinua kichwa. Bomba kuu lilikuwa linalia, na Fundi Bomba, mgongaji wake wa kila siku, alikuwa amesimama pale pale mikono mitupu.

*Ngo! Ngo! Ngo!*

Huko jikoni ghorofa ya nne, Mama Mkwe alikuwa ameshika mchi wa kinu na analitandika bomba kama limemwibia.

Mazoea yana nguvu kuliko vitisho. Mkono wa mtu umezoea kwamba mlio ukija, roshani inafunguliwa. Ya ghorofa ya kwanza ikafunguka. Ya tatu ikafunguka. Mara roshani zote ziko wazi, watu wamejaa, na ndoo mikononi kabla hawajakumbuka kwamba walikuwa wanaogopa. Walipokumbuka, walikuwa wameshaonekana. Sasa warudi ndani wakaitwe nani?

Mama Mkwe akatokea tena, mchi mkononi.

"Mkwe wangu! Yale matangi yalipandaje juu ya paa?"

"Kwa kapi, mama, lile gurudumu la kupitishia kamba."

"Kapi liko wapi?"

"Bado lipo. Juu yako hapo, kwenye boriti."

"Mimi ni mzito kuliko tangi?"

Fundi Bomba alielewa. "Mama, hapana."

"Nimekuuliza uzito, sikuomba ushauri."

"Mama, huwezi..."

"Mtu wa kunishusha kwa maneno nilimwamini. Wewe unayejua kamba nisikuamini? Panda unifunge. Nashuka!"

Hapo Fundi alikuwa na njia mbili, na zote mbaya. Akibaki mbele ya buldoza, anamwacha mzee roshani na hasira zake. Akipanda, uwanja unabaki mikononi mwa mshonaji na kiti chake.

"Nenda," Fundi Cherehani alimwambia bila kugeuka. "Wakipita hapa, wamepita juu ya kitambi hiki. Na kina historia ndefu."

Alipanda ngazi mbio. Alipofika alikuwa anahema, na Mama Mkwe alikuwa ameshabadilisha viatu.

Hawakusalimiana. Fundi alitoa mkanda wake wa kupandia, ule anaouvaa akiunga mabomba nje ya kuta za maghorofa, akamfunga mzee kiunoni na mapajani. Akakivuta kiti cha mbao chenye mikono, akakifunga pande zote, akaunganisha kamba kwenye kapi. Vijana wawili wa ghorofa ya nne na mama zao walikuja kushika mwisho wa kamba. Fundi alikagua kila fundo mara mbili.

"Nisamehe, mama," alisema akiwa amepiga magoti, bado anakaza. "Nilikuona kila siku, na sikukuona."

"Na mimi nimekuuza kwa lifti ya mdomo. Msamaha tutagawana baadaye. Niteremshe kabla sijaogopa."

Kiti kikatoka nje ya roshani.

Sikiliza, nimeandika mengi katika ukurasa huu. Nimeandika wanaume wakichapana kwa ajili ya wanawake na wanawake wakichapana kwa ajili ya wanaume. Sijawahi kuandika uwanja mzima ukinyamaza hivi. Hata buldoza ilinyamaza, kwa sababu dereva aliizima mwenyewe, akavua kofia.

Mama Mkwe alishuka ameshika mchi mapajani, miguu pamoja, kidevu juu. Ghorofa ya tatu wakampigia makofi. Alipofika ya pili kamba ikakwama ghafla. Kiti kikayumba, kikazunguka nusu duara. Mtu mmoja akapiga kelele.

"Shikeni!" Fundi Bomba aliunguruma kule juu. "Msivute! Shikeni tu!"

Mzee alijikuta uso kwa uso na dirisha la mke wa Fundi Cherehani.

"Hujambo, mwanangu," akasema.

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe mapazia yako ni mazuri hivi! Kule juu siyaoni."

Fundi aliitikisa kamba ya kapi, ikateleza mahali pake, na kiti kikaendelea kushuka. Kikatua juu ya udongo, kati ya tuta la mchicha na chuma cha buldoza.

Mama Mkwe alifunguliwa mkanda. Akasimama, akauegemea mchi. Akavua viatu alivyokuwa amevivaa kwa mbwembwe dakika chache tu kabla, akaukanyaga udongo kwa miguu mitupu. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta wala kuyaonea haya.

"Miguu yangu haina ugomvi na ardhi," alisema. "Ugomvi wake ni na ngazi."

Akaanza kutembea. Polepole, lakini hakusimama. Alimpita Fundi Cherehani, akampiga begani. Alilipita gurudumu la buldoza. Alimfikia dereva.

"Wewe mwanangu, una mama?"

"Ninaye."

"Rudisha nyuma hili dude lako."

Dereva alimtazama Meneja. Akamtazama mzee. Akawasha, akarudi kinyumenyume mpaka barabarani, na nadhani hakuwahi kuliendesha vizuri kama siku ile.

"Nani amekuruhusu?" Meneja aligeuka, macho mekundu. "Hili lango limefunguliwa kwa ridhaa! Mbele ya mashahidi!"

"Kwa ridhaa ya nani?" Mama Mkwe aliuliza.

"Yako!"

"Basi aliyefungua ni mimi, na anayefunga ni mimi. Toka, baba, nisikubane vidole."

Na Meneja, msomaji wangu, alitoka. Sijui ni mchi, sijui ni roshani zote zile zilizokuwa zimemtolea macho. Lango likafungwa. Ufunguo uliokuwa umesahauliwa kwenye kufuli ukazungushwa na kutumbukia mfukoni mwa mzee. Jengo zima lililipuka kwa vigelegele.

"Aliye juu mngoje chini!" Fundi Cherehani alipiga kelele, akicheka mpaka kiti kikalia.

"Mimi sikungojwa," alisema Mama Mkwe. "Nimeshuka mwenyewe."

Fundi Bomba alikuwa ameshafika chini, jasho linamtiririka. Wakatazamana, mkwe na mkwe. Mzee akamnyooshea mkono, na Fundi akaushika.

"Kesho nataka kushuka tena," Mama Mkwe alisema. "Na keshokutwa. Utafute kiti chenye mto."

Ningependa kuishia hapo. Lakini Meneja alikuwa bado ana simu.

"Fungeni koki kuu," alisema kwa sauti ili wamsikie. "Ndiyo, ya barabarani. Sasa hivi. Tuone watakula mboga bila maji mpaka lini."

Haikuchukua muda. Mabomba ya jikoni yote yalikohoa, koki zikatema hewa, zikakauka. Vigelegele vikazimika kimoja kimoja.

Fundi Bomba ndiye pekee aliyetabasamu.

"Umefunga ile koki ya pale kona?" alimuuliza Meneja kupitia nondo.

"Hiyo hiyo."

"Hiyo hailishi jengo hili peke yake. Inalisha na jirani. Sisi tuna matangi ya mvua juu ya paa. Wao hawana hata pipa."

Meneja aliligeukia jengo la pili. Lilikuwa kubwa kuliko hili, limepakwa rangi mpya, na mwenye majengo yote mawili ni mmoja. Aliinua simu tena, kisha akaishusha.

"Hao wanaotuita wala maganda?" Fundi Cherehani alikunja uso. "Waache waonje."

Mama Mkwe alitikisa kichwa. Alilisogelea bomba kuu pale linapoingia kutoka barabarani, akainua mchi, akagonga.

Bomba lililojaa maji huguna. Lile sasa lilikuwa tupu, na mlio wake ulikuwa mkali kama kengele. Ulipanda ghorofa zote, ukazama chini ya ardhi, ukapotea. Watu wakatega masikio. Meneja akaanza kutabasamu.

*Ngo. Ngo. Ngo.*

Ulitoka upande wa pili wa ukuta. Wale waliokuwa wakicheka miaka yote walikuwa wakiusikia mlio ule kila asubuhi jikoni kwao, na kumbe waliujua kwa moyo.

Roshani ya kwanza ya jengo la jirani ikafunguka. Kisha nyingine, na nyingine. Kamba ikashuka, fundo la haraka haraka la mtu asiyejua mafundo, na mwisho wake ndoo tupu. Ikafuata ya pili. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alishuka ngazi akatoka mpaka barabarani, akasimama mbele ya lango, karibu kabisa na buldoza, akawatazama. Nyuma yake walianza kujipanga wengine.

"Mkwe wangu," Mama Mkwe aliuliza, "matangi yako yatatosha watu wote hawa?"

"Kwa leo, ndiyo. Kesho sijui."

Mzee alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo.

"Mama, usifungue!" Fundi Bomba alimshika bega. "Ukifungua, ni ridhaa tena. Buldoza iko pale pale. Meneja yuko pale pale. Ataingia nao!"

Meneja alikuwa ameshampandisha dereva mwingine kwenye kiti cha buldoza. Injini ikawaka.

"Mara ya kwanza nilifungua kwa ajili yangu peke yangu," Mama Mkwe alisema. "Ndiyo maana nilifungua vibaya."

Akamtazama yule mwanamke wa nje, akamtazama Meneja, na ufunguo ukaingia kwenye kufuli. Tuachane hapo mpaka juma lijalo.